Nyongeza ya Mei Mosi Haikunifikia: Ni Nani Hasa Anayepanga Mshahara Wako?

Kila mwaka, wiki chache baada ya Mei Mosi, swali moja hurudi kwenye baraza za Shela na Maweni hapa Malindi, na huulizwa kwa uchungu uleule. Rais alisimama jukwaani akatangaza kwamba mishahara imepanda, redio zikalirudia tangazo hilo mchana kutwa, lakini mwezi ulipoisha mpishi akafungua karatasi yake ya mshahara na kukuta tarakimu zilezile za Aprili. Hapo maneno huwa mengi. Wapo wasemao kwamba mwajiri amekula nyongeza ya serikali, wapo wanaokilaumu chama, na wapo waliokata tamaa kabisa, ambao huamini kuwa sheria za kazi ziliandikwa kwa ajili ya Nairobi na kwamba huku pwani hazifiki. Nimefanya kazi hotelini kwa miaka kumi na mmoja, minne kati yake nikiwa mwakilishi wa wafanyakazi wenzangu, na nimefikia kuamini kwamba mengi tunayoyapoteza hatuyapotezi kwa kukosa sheria. Tunayapoteza kwa sababu tunamdai asiyedaiwa: tunaidai serikali jambo lililo la chama, tunakidai chama jambo lililo la mwajiri, na lile lililo mikononi mwetu wenyewe hatulidai kabisa.

Tuanze na maneno, kwa kuwa mkanganyiko wote umeanzia hapo. Kima cha chini cha mshahara ni kiwango kinachowekwa na serikali, ambacho mwajiri haruhusiwi kulipa chini yake hata kama mfanyakazi mwenyewe amekubali. Mkataba wa kazi ni makubaliano kati ya mfanyakazi mmoja na mwajiri wake. Mkataba wa pamoja ni makubaliano kati ya chama cha wafanyakazi kwa upande mmoja, na mwajiri au jumuiya ya waajiri kwa upande wa pili, na huwafunga wote wanaoguswa nao mara unaposajiliwa na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Fikiria nyumba: kima cha chini ni sakafu, huwezi kushushwa ukaingia ardhini, mkataba wa pamoja ni ngazi iliyojengwa kwa mikono ya wengi, mkataba wako binafsi ni mahali uliposimama wewe leo. Rais anapozungumza Mei Mosi, huwa anazungumzia sakafu peke yake.

Chama nacho kina mkanganyiko wake. Watu husema "COTU imetuuza" au "COTU haijatupigania," ilhali COTU, iliyoanzishwa mwaka 1965, ni shirikisho la vyama, na mfanyakazi mmojammoja hajiungi nayo. Anayefanya kazi hotelini, shuleni, hospitalini au katika nyumba ya mtu hujiunga na chama cha sekta yake, ambacho kwa kazi hizo ni KUDHEIHA. Upande wa pili wa meza, hoteli nyingi husimama pamoja kupitia jumuiya ya wenye hoteli. Waajiri nao wamejiunga, na Katiba inawapa haki hiyo katika kifungu kilekile cha 41 kinachompa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, ya kulipwa ujira wa haki na ya kugoma. Hilo husahauliwa sana na wale wanaomwambia mhudumu kuwa kujiunga na chama ni kutafuta ugomvi.

Samaki asiye na barafu

Kwa nini mtu mmoja asiende kwa meneja akazungumzia mshahara wake mwenyewe, kwa adabu, yakaisha? Anaweza, na wapo waliofanikiwa. Lakini tazama yanayotokea ufukoni kwetu. Mvuvi anayefika saa saba mchana na kapu la changu na tasi, jua likiwa utosini naye hana barafu, hana nguvu ya kubishana na mnunuzi. Mnunuzi anajua kuwa kila nusu saa inayopita inashusha thamani ya kile kilichomo kapuni, kwa hiyo hutaja bei yake na kunyamaza, akangoja. Kimya kile kinamtosha. Wavuvi walewale wakiwa na jokofu la pamoja na mtu mmoja wa kuzungumza kwa niaba yao, mnunuzi hulazimika kufungua mdomo tena.

Mfanyakazi anauza siku yake, na siku ya kazi ni bidhaa inayoharibika upesi kuliko samaki, kwa kuwa haina jokofu lolote duniani. Jumatatu usiyoiuza Jumatatu imekwenda, huku kodi ya chumba na deni la unga vikiendelea kuhesabiwa. Mwajiri mwenye wahudumu thelathini akimkosa mmoja atawapanga upya ishirini na tisa na chakula cha jioni kitafika mezani. Mhudumu akimkosa mwajiri wake mmoja amekosa vyote. Tofauti hii haitokani na ubaya wa mwajiri. Hata mwajiri mwema, mwenye imani, anakaa upande ule wa meza wenye uwezo wa kungoja. Chama kimewekwa kwa ajili ya kusawazisha subira za pande mbili, na mtu akishalielewa hilo hatashangaa kwa nini sheria inakilinda.

Wala ulinzi huo haukuja wenyewe. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waliweka zana chini, bandarini, relini, hotelini na majumbani, na kutokana na mgomo huo likakua shirikisho lililoongozwa na Chege Kibachia. Serikali ya kikoloni ilimkamata mwaka huohuo ikampeleka kizuizini Kabarnet. Wazee wetu walikuwa wakidai ujira unaotosha chakula na malazi mjini, jambo ambalo leo limeandikwa katika Katiba kwa lugha ya utulivu kana kwamba halikuwahi kuwa na mgogoro.

Asilimia ya nini?

Sasa turudi kwenye tangazo. Mei Mosi ya mwaka 2024 Rais William Ruto alitangaza nyongeza ya asilimia 6. Amri ya mishahara iliyotekeleza tangazo hilo ilianza kutumika Novemba 1, 2024. Kwa hiyo aliyefungua karatasi yake Mei, Juni au hata Oktoba asikute kitu, hakuwa ameibiwa bado: neno la jukwaani huwa sheria linapochapishwa katika gazeti rasmi la serikali, na tarehe inayohesabiwa ni ile iliyoandikwa humo. Hata hivyo kila tangazo jipya linapotoka, vibarazani kwetu hesabu huanza usiku uleule, kana kwamba fedha zimeshatoka benki.

La pili ni kwamba asilimia hiyo hupandisha sakafu, na haiwapandishi wote waliomo nyumbani. Mfagiaji aliyekuwa akilipwa kima kilekile cha chini lazima aongezewe, kwa kuwa sakafu mpya imempita. Mwenzake aliyekuwa akipokea shilingi 20,000 tayari yuko juu ya sakafu mpya, na kwa amri hiyo peke yake mwajiri hana wajibu wa kumwongezea hata senti. Nyongeza yake itatoka kwenye mkataba wa pamoja, ikiwa upo, au kwenye mazungumzo yake binafsi. Hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka: tunaingoja kutoka kwa serikali nyongeza ambayo serikali haikuiahidi, na mwaka unapita bila kuulizana mkataba wa pamoja umefikia wapi.

La tatu ni mahali. Amri ya mishahara imeigawa nchi mafungu matatu: miji mikubwa kama Nairobi na Mombasa, zile zilizokuwa manispaa, pamoja na Mavoko, Ruiru na Limuru, halafu sehemu nyingine zote. Malindi ilikuwa manispaa, kwa hiyo imo katika fungu la pili. Lamu ilikuwa chini ya baraza la kaunti, ikaangukia fungu la tatu. Kwa amri ya Novemba 2024, kima cha mfanyakazi wa kazi za kawaida kilikuwa zaidi kidogo ya shilingi 16,100 kwa mwezi Mombasa, zaidi kidogo ya 14,800 Malindi, na zaidi kidogo ya 8,500 katika fungu la mwisho. Mtu anayefagia ua wa nyumba ya wageni Lamu, mahali ambapo unga, mafuta na gesi huvushwa bahari kabla ya kufika dukani, sakafu yake ni karibu nusu ya ile ya mwenzake wa Mombasa. Mimi sioni haki katika mgawanyo huo. Unaakisi mipaka ya mabaraza ambayo yenyewe yalikwisha kuvunjwa mwaka 2013, wala hauakisi bei za sokoni. Lakini ndivyo ulivyo, na anayedai kiwango cha Mombasa akiwa Lamu atarudishwa kutoka ofisi ya kazi mikono mitupu.

Kazi nazo zina mistari yake. Mpishi na mhudumu wa meza hawamo katika mstari wa mfanyakazi wa kawaida; wana wao wa juu kidogo, walimowekwa pamoja na mchimba mawe na utingo wa lori. Mlinzi wa usiku ana wake. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha mshahara wako na wa jirani, tazama kwanza mstari wa kazi unayoifanya hasa, kwa kuwa nimewaona watu walioandikwa "wasaidizi wa jumla" huku wakipika milo mitatu kwa siku.

Na viwango hivyo vyote ni kabla ya nyumba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makazi yanayofaa au fedha za kutosha kupanga, na amri ya jumla ya mishahara imeweka fedha hizo kuwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa mfagiaji wetu wa Malindi hiyo ni zaidi ya shilingi 2,200 juu ya kima. Mwajiri anaweza kuuunganisha mshahara na nyumba vikawa fungu moja, mradi mkataba useme hivyo waziwazi. Siku hizi limeingia kosa jipya: watu wanachanganya marupurupu ya nyumba na ile tozo ya nyumba za bei nafuu iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2024. Marupurupu ni fedha unayopewa. Tozo ni asilimia 1.5 unayokatwa, na mwajiri naye hutoa kiasi hichohicho kutoka mfukoni mwake, si kwenye mshahara wako. Nilipata kuonyeshwa karatasi ya mshahara yenye neno "nyumba" mara moja tu, upande wa makato, na mwenye karatasi akawa na uhakika kuwa ndiyo nyumba yake. Alikuwa amekosa marupurupu kwa miaka minne bila kujua. Karatasi hiyo, inayotenganisha mshahara na kila kato, ni haki yako, na makato yote kwa jumla hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili za mshahara, hata kama una mkopo wa sako na deni la kantini.

Nusu na mmoja

Jambo ambalo ningependa kila mfanyakazi wa hoteli alijue kabla ya mengine yote ni idadi. Chama hakiwezi kumlazimisha mwajiri azungumze nacho kwa sababu tu kipo nchini. Sheria ya Mahusiano ya Kazi inasema kuwa mwajiri lazima akitambue chama kilichosajili zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama mahali hapo. Hoteli ikiwa na wafanyakazi sitini wa namna hiyo, thelathini hawatoshi. Thelathini na mmoja wanatosha. Huyo wa thelathini na moja, ambaye pengine ni mdogo wa wote, dobi au msaidizi wa bustani, ndiye anayefungua mlango wa mazungumzo. Mameneja hawamo katika hesabu hii, kwa kuwa wao huzungumza kwa niaba ya mwajiri.

Kujiunga ni kusaini fomu, inayoitwa Fomu S, ambayo humpa mwajiri idhini ya kukata ada ya chama na kuipeleka. Ukibadili nia, unaandika barua ya kujitoa na makato yanakoma. Wapo pia wanaokatwa bila kuwa wanachama, nao hulalamika kuwa wameibiwa. Hiyo ni ada ya uwakala: mkataba wa pamoja unapowapandishia mshahara wote, asiye mwanachama naye hupandishiwa, na sheria inaruhusu achangie gharama ya mazungumzo yaliyomfaa. Kumfukuza mtu kwa sababu amejiunga na chama, au kwa sababu amekataa kujiunga, ni kosa kwa vyote viwili.

Hesabu hii ya nusu na mmoja ndiyo inayoeleza jambo ambalo wengi wameliona bila kulielewa. Katika hoteli nyingi za pwani, walinzi, wafagiaji na watunza bustani siku hizi huletwa na wakala. Wanavaa sare za hapohapo, wanakula kantini ileile, lakini kwenye makaratasi mwajiri wao ni mwingine. Wapo waajiri wanaofanya hivyo kwa sababu halali za kibiashara, na siwalaumu wote. Matokeo yake hata hivyo ni kwamba watu waliokuwa wakihesabika pamoja sasa wamegawanywa katika waajiri watatu au wanne, na kila kundi linapaswa kuanza hesabu yake upya. Anayefanya kazi kwa wakala anazo haki zote za mwajiriwa. Anachopaswa kukijua ni jina la yule hasa anayemdai.

Kibarua wa miaka sita

Jirani yangu mmoja wa Maweni, mama wa makamo ninayemwita shangazi ingawa hatuna undugu, alikuja kwangu masika ya mwaka juzi akiwa na mfuko wa nailoni. Alikuwa amefua mashuka ya hoteli moja kwa miaka sita, akilipwa kila jioni, na mvua zilipoanza aliambiwa asirudi. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwenye kucha kwa dawa ya kung'arishia, na alipoketi alivificha ndani ya leso.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi ni kibarua tu. Nitadai nini?"

Neno hilo "tu" linawagharimu watu wa mji huu zaidi ya kodi yoyote. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira, kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa kila siku na ambaye hakuajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Anayekuja kupakua mizigo leo, akalipwa, akaenda zake, huyo ni kibarua. Lakini akifanya kazi kwa siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kumalizika kabla ya miezi mitatu kwa jumla, sheria humgeuza: huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi, anayestahili notisi kabla ya kuachishwa, na baada ya miezi miwili mfululizo anastahili yale ambayo mwajiriwa wa kawaida anayastahili, ikiwemo likizo ya siku 21 za kazi kwa kila mwaka na malipo akiwa mgonjwa. Haijalishi mwajiri anamwitaje. Mashuka ya hoteli hayaishi kuchafuka, kwa hiyo kufua mashuka kwa miaka sita hakuwezi kuwa kibarua kwa maana ya sheria.

Nikamuuliza kama ana ushahidi wowote, nikitarajia kusikia hapana. Akatoa daftari la kurasa arobaini na nane, lililonyonya maji pembeni. Alikuwa akiandika humo fedha aliyolipwa kila siku, tarehe na kiasi, kwa sababu ya chama chake cha akina mama, chama cha kuchangishana, ili ajue kila Ijumaa atatoa ngapi. Hakuwa akiandika kwa ajili ya mahakama. Tulikaa mpaka adhana ya magharibi tukihesabu, na mwezi wenye siku chache kuliko zote ulikuwa na siku ishirini na mbili.

Hata asingekuwa na daftari, hakuwa mtupu kama alivyodhani. Kuandika mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi ni jukumu la mwajiri, na mwajiri akishindwa kuutoa panapotokea kesi, yeye ndiye anayebeba mzigo wa kupinga masharti anayodaiwa. Kwa hiyo msemo wa "sikusaini chochote" hauvunji haki ya mfanyakazi.

Ni lazima niseme na upande wa pili kwa uaminifu. Mkataba wa msimu, ulioandikwa wazi kuwa unaanza Julai na kwisha Machi, ni halali, na unapofika mwisho wake huisha wenyewe. Mahakama zetu kwa kawaida hazimpi mtu haki ya kuongezewa kwa sababu tu aliongezewa mwaka uliopita. Malindi ni mji wa msimu. Kusi likianza kuvuma na masika kufunga anga, hoteli hufungwa, na hakuna sheria itakayoleta wageni Mei. Tumelelewa kwa methali ya mgeni njoo mwenyeji apone, na tunajua mgeni asipokuja. Hata hivyo kuna tofauti kati ya msimu ulioandikwa na kukubaliwa mapema, na mtu kuambiwa mlangoni asubuhi ya mvua. Vivyo hivyo "likizo bila malipo" ambayo wengi walipelekwa Machi 2020, ndege za kimataifa zilipositishwa: mwajiri hana mamlaka ya kuiamua peke yake, inahitaji makubaliano. Kama kazi imekwisha kabisa, njia iliyowekwa ni kupunguza wafanyakazi kwa notisi ya mwezi mmoja kwa chama na kwa afisa wa kazi, na kulipa angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika.

Kwenye nyumba za kifahari za Casuarina na kando ya barabara ya Watamu, ambako mwenye nyumba yuko Ulaya miezi minane kati ya kumi na miwili, kuna imani kwamba nyumba ya mtu si kampuni na hivyo sheria haiingii getini. Inaingia. Sheria ya Ajira imewaacha nje wanajeshi, polisi, magereza, vijana wa huduma kwa taifa, na biashara ya familia ambayo wafanyakazi wake ni watu wanaomtegemea mwenyewe. Mlinzi, mpishi na mtunza bustani wa nyumba ya likizo hawamo katika orodha hiyo. Kima cha chini ni chao, siku moja ya mapumziko katika kila saba ni yao, na kulala katika kibanda cha getini hakumfanyi mlinzi awe kazini saa 24. Amri ya jumla inaweka saa 52 kwa wiki kuwa kawaida ya kazi ya mchana, na zinazozidi hulipwa mara moja na nusu, au mara mbili zikiangukia siku ya mapumziko au sikukuu. Wanaovuna chumvi upande wa Gongoni na Marereni na kulipwa kwa kipande nao ni waajiriwa. Hali ya mashamba hayo ya chumvi ilikuwa mbaya kiasi cha Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu kufanya uchunguzi wa hadhara na kutoa ripoti mwaka 2006.

Kusikilizwa, na kugoma

Nilipokuwa mwakilishi nilipata kuketi na mhudumu aliyetuhumiwa kupoteza fedha za baa. Meneja alisoma barua kwa Kiingereza kwa dakika kumi hivi, kwa kasi, na kijana akawa anaitikia kwa kichwa kwa adabu kama mtu anayesikiliza hotuba ya mgeni rasmi. Niliomba ielezwe kwa Kiswahili. Sikuomba hisani: sheria inasema kabla ya kumwachisha mtu kwa kosa au kwa utendaji mbovu, lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama, na majibu yao yasikilizwe. Barua ilipofika mikononi mwangu niliona tarehe yake ilikuwa ya jana. Uamuzi ulikuwa umekwisha kuandikwa kabla ya kijana kufungua kinywa. Suala lilifika kwa afisa wa kazi, likasuluhishwa, kijana akalipwa notisi na likizo yake. Kazini hakurudi, na mpaka leo sijui kama fedha ile aliichukua ama hakuichukua. Ndiyo maana usikilizwaji umewekwa: ungetupa sote nafasi ya kujua.

Juu ya mgomo nitasema machache, ingawa ndio unaosemwa zaidi. Ni haki ya kikatiba, na una njia yake. Mzozo huripotiwa kwa wizara, hupewa msuluhishi na siku 30, na usipotatuliwa chama hutoa notisi ya maandishi ya siku saba. Aliyegoma kwa njia hiyo hafukuzwi kwa kugoma, ila mwajiri halazimiki kumlipa siku alizogoma. Anayeacha sufuria jikoni saa tano kwa hasira, bila notisi, hana ulinzi huo, hata hasira yake ikiwa ya haki kabisa. Nimewaona wapishi wazuri waliopoteza kazi kwa tofauti ya siku saba.

Swali la ujira wa haki ni pana kuliko haya yote. Kima cha chini hakikuwahi kuwa kipimo cha haki. Ni mpaka ambao ukiupita kwenda chini umevunja sheria. Mwajiri anayejisifu kwamba analipa kima cha chini anajisifu kwa kutovunja sheria. Sheria yenyewe inadai zaidi: ujira sawa kwa kazi zenye thamani sawa, mwanamke na mwanamume, mwenyeji na aliyetoka bara. Kinachobaki juu ya hapo, yaani ni kiasi gani cha faida ya Agosti na Desemba kimfikie aliyetandika vitanda, hakitaandikwa na bunge wala kutangazwa uwanjani. Kitaandikwa mezani, na watu thelathini na mmoja kati ya sitini.

Shangazi alikwenda ofisi ya kazi Jumatatu iliyofuata, daftari likiwa limefungwa ndani ya leso. Nilimsisitizia jambo moja, nami nalirudia kwa yeyote aliye katika hali yake: dai la kazi lina miaka mitatu tangu siku lilipozuka, na kungoja jibu la mwajiri hakusimamishi hesabu hiyo. Yeye alikuwa ametumia wiki tano. Alipofika mlangoni afisa alimuuliza kwanza, kama wanavyouliza wote, alikuwa nani pale hotelini. Aliniambia baadaye kwamba alikaribia kusema "kibarua," halafu akasema alikuwa dobi.